Mpaka Mistari Ikatane

Kriii. Kriii. Kimya kidogo. Kriii.

Ndivyo nilivyokuwa nikiamka siku zote za kazi, giza bado limejaa chumbani na mwanangu Anan amelalia mkono wangu. Alikuwa mama mkwe wangu jikoni, akichonga penseli zake mbili, nyekundu na kijani. Hakuwasha taa mpaka amemaliza. Alijaribu ncha kwa kidole gumba, akaguna akiridhika, ndipo swichi ikalia tak.

Taa ikishawaka, alikunjua karatasi yake ya miraba mezani, kando ya sufuria ya uji wa viazi vitamu, akachora mshumaa wa jana, kijiti cha kuonyesha bei ya hisa ilivyokwenda siku hiyo. Hisa ikiwa imepanda, mshumaa mwekundu. Ikiwa imeshuka, wa kijani. Karatasi iliyojaa aliiunganisha na nyingine kwa ukoko wa wali uliopondwa, na kwa miaka mingi zikawa mkeka ambao ungeutandika kutoka jikoni hadi barabarani.

"Mama, siku hizi simu inachora yenyewe," nilimwambia nilipokuwa bi harusi bado, sijui lolote.

"Ikichora yenyewe, mimi nibaki na kazi gani? Kukulelea mume?"

Mume wangu Po-yen anafanya kazi kaskazini, hurudi Jumamosi na nguo chafu. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu watatu: Mama, mimi na Anan. Nilikuwa nimemaliza sekondari kwa masomo ya jioni, Anan akiwa tumboni, nikisinzia juu ya vitabu. Mama ndiye aliyenisubiri kituoni kila jioni na supu kwenye chupa ya chai. Nilipomaliza alisema, "Haya, sasa njoo ujifunze kitu cha maana," akanikabidhi penseli ya kijani.

Chini ya mishumaa alichora mistari miwili. Mmoja ulikuwa wastani wa bei za siku chache, unarukaruka, aliuita mtoto. Wa pili ulikuwa wastani wa siku nyingi, unatembea polepole, aliuita bibi. Mtoto akimkata bibi kwenda juu, nunua. Akimkata kwenda chini, uza. Hapo katikati, kaa kitako unywe chai.

"Hununui kwa sababu umeota ndoto," alisema. "Huuzi kwa sababu jirani kauza. Unangoja mpaka mistari ikatane. Basi."

Alichora hisa nyingi, lakini aliyoipenda ni moja, ya kiwanda cha taulo cha hapa mjini kwetu Huwei. Baba mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumwona, alikuwa fundi wa mashine humo tangu ujana. Mama alikuwa akikunja taulo upande wa pili wa ukumbi uleule. Kiwanda kilipoingia kwenye soko la hisa, wafanyakazi waligawiwa hisa. Wengi waliziuza wakanunua pikipiki. Wao wawili hawakuuza. Mashine ya kufuma namba kumi na moja ilimkata baba mkwe kidole, naye akarudi akaendelea kuitia mafuta kila asubuhi kama anayehudumia ng'ombe wake.

Mwezi wa sita kila mwaka huwa na mkutano mkuu wa wanahisa, na kila mwanahisa huondoka na zawadi. Kiwanda cha taulo kitatoa nini kama si taulo? Mama alimnunulia Anan hisa moja alipozaliwa, moja tu, kama wafanyavyo bibi wote wa mtaani kwetu, ili taulo za kuja nyumbani ziwe mbili. Ila haikuwa taulo aliyoiendea. Tangu mumewe A-Kun afariki, hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuketi na watu waliomjua A-Kun angali ana vidole vyote. Walikula wali wa kwenye boksi pamoja, wakamsema marehemu mpaka wakalia kwa kucheka. Na kila mwaka Mama alishika kipaza sauti, akauliza swali lilelile: "Choo cha wanawake kinavuja. Mnakitengeneza lini?" Mwaka kilipotengenezwa alirudi nyumbani amenuna, kwa sababu hakuwa tena na la kuuliza.

Halafu ikatangazwa kwamba kiwanda kinahama. Ukumbi wa zamani utabomolewa baada ya mkutano ujao, na mashine za zamani zitauzwa kama chuma chakavu, wanahisa wakikubali.

Mama alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama, kijiko cha uji mkononi.

"Namba kumi na moja haiendi popote," alisema. "Itasimama kwenye lango lao jipya. Nitawaambia mwezi wa sita."

Tangu siku hiyo alikuwa akijisemea hotuba yake akiosha mboga, akiota jua, akimwogesha Anan. "Waheshimiwa wanahisa, mimi ni mke wa A-Kun…" Anan naye, akiwa na povu kichwani, akaitikia, "A-Kun!"

Mwezi wa kwanza, kabla ya Mwaka Mpya wetu, nilisikia penseli zikichongwa, kisha swichi, kisha kimya kilichozidi. Nikatoka. Mama alikuwa ameinama juu ya karatasi. Mtoto alikuwa amemkata bibi kwenda chini.

"Ya kiwanda?" nikauliza.

"Ya kiwanda."

"Utaziuza? Zile za Baba?"

"Hizo hasa. Sikiliza, A-Ju. Naziuza zikiwa juu, nazirudia zikiwa chini, napata nyingi zaidi. Mwenye hisa nyingi akisimama kusema, mwenyekiti anaacha kutazama saa. Mwenye chache anaambiwa, asante bibi, kaa."

"Si ubakize kidogo?"

Alinitazama kwa huruma, jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyejibu vibaya. "Ishara haisemi uza nusu. Nikibakiza, moyo unabaki kule, nami nitaanza kuchora ninachokitaka badala ya kilichopo."

Ile moja ya Anan hakuigusa. Hiyo kwake haikuwa hisa, ilikuwa taulo.

Basi tukaenda kwa dalali wa hisa. Ukumbi wake uko nyuma ya soko la mboga, na asubuhi viti vya mbele hujaa wanawake waliotoka sokoni, vikapu miguuni, vitunguu vya majani vikichungulia nje, macho kwenye skrini kubwa. Mkubwa wao wa kelele ni Kuei-hua, muuza samaki mstaafu.

"Yueh anauza!" Kuei-hua alipiga kelele Mama alipofika dirishani. "Jamani, Yueh anauza ya marehemu! Shoga, umepata bwana mwingine?"

"Nimepata ishara. Bwana nitampeleka wapi, hata wewe huna pa kumweka wako."

Ukumbi ukaangua kicheko. Lakini walipomaliza kucheka wakainuka mmoja mmoja na kujipanga nyuma yake. Wote waliokuwa na hisa ya kiwanda wakauza siku ile, kwa sababu Yueh ameuza.

Na ishara ilikuwa kweli. Wiki zilizofuata hisa ilishuka, mishumaa ya kijani ikafuatana kama mianzi, mpaka penseli ya kijani ikawa fupi ya kushikwa kwa kucha. Wanawake wa viti vya mbele walimletea mapera, keki za nanasi, hata Kuei-hua alimletea kichwa cha samaki cha supu. Mama alivipokea huku akikunja uso, kumbe anafurahi. Nilimtazama nikajivunia. Usiku nilimwambia Po-yen kwenye simu, "Mama yako ana akili kuliko wale wote wa kwenye televisheni." Natamani ningekuwa nimemuuliza jambo moja badala ya kumsifu.

Mwezi wa tatu ukaisha, mistari ikaanza kusogeleana. Mtoto alikuwa akipanda, anamkaribia bibi kwa chini. Ilikuwa siku ya mwisho kabla soko halijafungwa kwa ajili ya sikukuu ya kufagia makaburi. Liao, binti wa dirishani kwa dalali, alimwita Mama tulipokuwa tunatoka.

"Mama Yueh! Ile ya kiwanda, ukiitaka nunua leo. Baada ya sikukuu utachelewa."

Mama alicheka. "Wasikieni! Tangu lini dalali akakwambia kesho? Wewe mwanangu unakula kwa kamisheni ya leo."

"Si hivyo, Mama. Daftari la wanahisa—"

"Daftari la watakaoingia mkutanoni linafungwa wiki ijayo, nimesoma tangazo, nina macho. Na mistari bado. Ona." Akanyoosha kidole kwenye skrini. Kati ya mtoto na bibi palibaki upenyo mwembamba kama unywele. "Kwenye sikukuu nitakuwa nimetulia, nikirudi itakuwa imekatana. Nenda kafagie kaburi la babu yako."

Liao alikuwa na wateja wengine nyuma yetu. Akachukua kitambulisho cha mwingine. Mimi nilikuwa nimemshika Anan aliyetaka kwenda chooni. Ndivyo ilivyokuwa, haikuzidi hapo.

Kaburini Po-yen alifyeka majani, mimi nikaweka karatasi za njano chini ya mawe, Anan akatawanya maganda ya mayai kama ilivyo desturi. Mama aliwasha udi, akakaa chini kabisa, kwenye nyasi zenye unyevu, akamwambia mumewe kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtu aliye chumba cha pili:

"Mashine yako haiuzwi. Nitasimama mwenyewe niseme. Mwaka huu nitakuwa na nyingi kuliko zile ulizoniachia, utaona. We lala tu."

Tukala mikate yetu laini iliyokunjiwa mboga na unga wa karanga, tukarudi.

Soko lilipofunguliwa, mtoto alimkata bibi kwenda juu asubuhi ileile, safi, bila ubishi. Mama alinunua. Alipata zaidi ya zile alizouza, na bado alibakiwa na fedha za kumnunulia Anan viatu vyekundu. Hisa ikapanda. Ukumbini walimpigia makofi. Tulirudi nyumbani na bata mzima wa kuchoma, akanywa pombe ya mchele kikombe kimoja, akamwimbia Anan.

Mwezi wa tano barua za mkutano huanza kufika. Mama alitoka kila aliposikia pikipiki ya posta. Bili ya maji. Tangazo la daktari wa meno. Jirani wa mkono wa kulia akapata yake. Jirani wa kushoto akapata. Hatimaye Mama akavaa viatu akaenda kwa dalali bila kikapu, nami nikamfuata na Anan.

Liao alitazama kompyuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama Yueh, hisa ni zako. Ziko nyingi, nzuri. Lakini ukinunua leo, jina lako halihamii leo. Linahamia siku ya kazi ya pili baadaye. Wewe ulinunua baada ya sikukuu. Jina lako lilifika daftari limeshafungwa." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Ndilo nililotaka kukwambia siku ile."

"Mwaka ujao, basi," alisema Kuei-hua kwa upole ambao sikujua anao. "Mwaka ujao utakaa mbele, shoga."

"Mwaka ujao ukumbi haupo," alisema Mama.

Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kuuza. Mtu asiyeuza jina lake linakaa tu kwenye daftari, hana haja ya kujua linaingiaje. Alijua kila kitu cha mshumaa: urefu wake, kivuli chake, unavyodanganya bei zikiyumba. Hilo moja, analolijua kila mtu aliyenunua hisa jana, yeye hakulijua.

Tulipofika nyumbani aliifungua karatasi yake, akaweka kidole pale palipokuwa na upenyo wa unywele.

"Hapa," aliniambia. "Ningenunua hapa, kabla. Ningenunua hata moja. Tofauti yake ni bei ya kabichi, A-Ju. Nimengoja kabichi."

Nilimshika bega, nikaona jinsi lilivyo dogo.

Asubuhi iliyofuata niliamka mwenyewe. Hapakuwa na kriii. Wala kesho yake. Penseli zilikaa kwenye kikombe, butu, na Mama alikuwa ameketi gizani na mikono mapajani. Anan aliamka akauliza, "Bibi anaumwa?" Nikamwambia hapana. Lakini nilimwogopea.

Ilinijia nikikunja nguo. Rafu ya taulo zetu ina safu mbili, ya Mama ni ndefu na ya Anan ni fupi, kila moja na mwaka wake uliofumwa pembeni. Nikashika taulo ya juu ya safu ile fupi, nikaenda nayo jikoni mbiombio kama niliyeona moto.

"Mama! Anan ni mwanahisa."

"Ya Anan ni moja."

"Moja ni mwanahisa! Haikuuzwa. Jina lake liko kwenye daftari tangu azaliwe. Barua hawatumi kwa mwenye moja, lakini anaruhusiwa kuingia na kusema. Nimesoma sheria hiyo darasani, Mama, kwenye masomo ya jioni, na mwalimu alikuwa anapiga miayo."

Mama akageuka kumtazama Anan, aliyekuwa akilamba unga wa karanga kiganjani.

"Anan, njoo. Bibi akufundishe maneno."

Wiki mbili nyumba yetu ilikuwa jukwaa. Hotuba ya Mama ilikatwa, ikakatwa tena, mpaka ikaenea mdomoni mwa mtoto wa miaka mitano.

"Sema: Mimi ni mwanahisa."

"Mimi ni mwanahisa. Bibi, mwanahisa ni nani?"

"Ni mtu anayepewa taulo. Endelea. Naomba mashine namba kumi na moja isiuzwe."

"Naomba mashine namba kumi na moja isiuzwe. Kwa nini isiuzwe?"

"Kwa sababu babu yako aliisikia ikiugua kabla ya wenzake. Hilo usiliseme, ni letu."

Nilimsikia akicheka mara moja hivi. Penseli bado hakuzichonga.

Siku ya mkutano alivaa gauni lake la bluu ya usiku na viatu vya harusi ya Po-yen. Nilidhani ataingia nasi. Yeye pia alidhani, ingawa hakusema. Mlangoni palikuwa na msichana mwenye orodha, wa kuajiriwa kwa siku hiyo tu, na mzee wa lango aliyemjua Mama tangu wakikunja taulo.

"Dada Yueh!" mzee aliita. "Umekuja kuuliza choo?"

"Nimemsindikiza mkubwa wangu," alisema Mama, akimwonyesha Anan.

Msichana alipitisha kidole kwenye orodha. "Mtoto yupo. Mwenye umri mdogo huingia na mzazi mmoja. Mama wa mtoto ni nani?"

"Mimi. Na huyu ni bibi yake, alifanya kazi humu—"

"Samahani, dada. Jina lake halipo. Nikimruhusu mmoja…" Alikuwa na umri wa kuwa mdogo wangu.

Mzee wa lango alifungua mdomo. Mama akamzuia kwa kiganja. "Mwache binti wa watu afanye kazi yake. Nendeni, mtachelewa." Akampangusa Anan unga mdomoni kwa kidole. "Maneno unayo?"

"Ninayo."

Akaenda kuketi kwenye kibanda cha baiskeli, mkoba mapajani, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri basi.

Ndani, viti vilikuwa vimepangwa katikati ya mashine. Namba kumi na moja ilikuwa ukutani upande wa dirisha, imefunikwa turubai, mguu mmoja unaonekana. Katika safu ya pili wazee waliofanya kazi na Mama walikuwa wamebakiza kiti kitupu, wamekitandika taulo. "Yueh yuko wapi?" walininong'oneza. Anan akaketishwa hapo, viatu vyake vyekundu vikining'inia mbali na sakafu.

Mwenyekiti alisoma haraka, hoja moja baada ya nyingine, watu wakipiga makofi bila kuinua macho kwenye boksi zao za wali. Akafika kwenye mashine. "Kuuza mashine chakavu. Kuna mwenye swali?" Alikuwa tayari anatazama saa.

Niliuinua mkono wa Anan. Ukumbi ukageuka. Mtu akacheka kwa upendo, kipaza sauti kikapitishwa juu ya vichwa mpaka kikatufikia, nikamsimamisha Anan juu ya kiti.

"Mwanahisa," alisema mwenyekiti akitabasamu, "karibu."

Anan alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nilimwona akiyatafuta yale maneno, midomo ikicheza. Alitazama turubai. Alitazama wazee, akatazama taulo chini ya viatu vyake. Halafu akatazama dirishani, mahali palipoonekana bati la kibanda cha baiskeli na pindo la gauni la bluu. Nikanong'ona, "Mimi ni mwanahisa…" Hakunisikia.

"Bibi yangu yuko nje," alisema.